Mota za Boti Zisizo na Kaboni: Nani Ana Sababu ya Kulipa Zaidi?

Mwaka 2019 kampuni mbili za vifaa vya majini, Garmin na Lowrance, ziliingiza sokoni Marekani mota za umeme za kuvulia zenye bei inayokaribia au kuzidi dola 3,000. Ya Garmin iliitwa Force, ya Lowrance ikaitwa Ghost. Kwenye soko hilohilo kulikuwa na Minn Kota Endura, mota ya kubana nyuma ya boti ndogo, iliyouzwa kwa dola mia chache. Zote zina kazi moja ya msingi, kusogeza boti polepole na kwa utulivu huku mvuvi akirusha chambo. Neno lililopigiwa debe zaidi kwenye zile za bei kubwa lilikuwa kwamba ndani yake hamna kaboni, yaani vile vipande vya kusuguana vinavyopeleka umeme kwenye kiini cha mota. Mwaka 2023 Minn Kota nayo ikaleta mota zake za aina hiyo kwa jina la Quest, na tangu hapo mtu yeyote anayebadilisha mota ya boti yake hulazimika kuamua kama aongeze fedha au abaki na teknolojia ya zamani.

Kwa mwenye boti kubwa anayeshinda kutwa kwenye ziwa la wazi lenye upepo, fedha za ziada zina kazi. Kwa mwenye boti ya alumini ya mita nne, au kayaki, au anayevua saa mbili tatu kwenye bwawa dogo, fedha hizo zifike kwanza kwenye betri. Sababu zake zinahitaji hesabu kidogo, na ni hesabu ambayo muuzaji hana haraka ya kuifanya mbele ya mteja.

Mota hizi zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1934, mjini Fargo, North Dakota, O. G. Schmidt alichukua stata ya gari la Ford Model A, akaifungia gia, mti na propela, akapata mota ya kuendeshea boti kwa betri. Fargo iko mpakani mwa North Dakota na Minnesota, na kutokana na majina ya majimbo hayo mawili likazaliwa jina la kampuni, Minn Kota. Fundi yeyote wa magari aliyewahi kufungua stata anajua kilichomo: waya zilizosukwa kwenye kiini kinachozunguka, sumaku au koili kwenye ganda, na vipande vya kaboni vinavyosukumwa na springi vigusane na pete ya shaba. Kaboni ndizo zinazopeleka umeme kwenye kiini hicho. Zinasuguana, zinatoa cheche ndogo, zinachakaa na kugeuka vumbi jeusi, na siku moja zinakuwa fupi kiasi kwamba mota inaanza kusitasita.

Mota isiyo na kaboni imegeuza mpangilio huo. Sumaku ndizo zinazozunguka, na waya zimetulia kwenye ganda. Kazi ya kubadilisha mwelekeo wa umeme, ambayo zamani ilifanywa kwa msuguano wa kaboni na shaba, sasa inafanywa na bodi ya kielektroniki inayojua sumaku zimefika wapi na kuwasha koili inayofuata kwa wakati wake. Wakazi wa Kigali na Nairobi wanaisikia mota ya namna hii kila siku ikipita kwenye pikipiki za umeme, na mafundi seremala wanayo kwenye drili zao mpya za betri.

Faida moja haisemwi sana, nayo ina uzito kwenye maji. Waya zikiwa kwenye ganda, joto lake lina njia fupi ya kutoka: linapita kwenye chuma na kuishia majini. Kwenye mota ya kaboni joto linazaliwa katikati, kwenye kiini, na lazima livuke nafasi ya hewa kabla ya kufika nje. Ndiyo maana mota ya zamani ikilazimishwa kwenda kasi ya mwisho kwa muda mrefu huchemka, na isiyo na kaboni huvumilia zaidi.

Sasa umeme wenyewe. Matangazo hupenda kuonyesha kwamba mota isiyo na kaboni inaishi muda mrefu zaidi kwa chaji moja, na ni kweli inapoteza kidogo zaidi. Mota nzuri ya kaboni hugeuza takriban asilimia 70 hadi 80 ya umeme kuwa nguvu ya kuzungusha. Isiyo na kaboni hufika kwenye asilimia 80 na zaidi, mara nyingine 90. Hiyo ni tofauti ya maana, lakini haiwezi kugeuza siku moja ya uvuvi kuwa tatu. Tena kwenye kasi ya juu kabisa tofauti hiyo haionekani sana kwa mvuvi, kwa sababu pale mota zote mbili hunywa umeme kwa pupa. Force ya Garmin, inayotoa msukumo wa pauni 80 kwa volti 24 na pauni 100 kwa volti 36, ikifunguliwa hadi mwisho hutumia zaidi ya ampea 50, sawa na mota kubwa ya kaboni ya volti hizohizo. Faida inaonekana kwenye kasi ndogo na za kati, na inakua kadiri saa zinavyokwenda.

Kinachokula betri kuliko aina ya mota ni mkono wa mvuvi mwenyewe. Majini, nguvu inayohitajika hupanda haraka kuliko mwendo. Mwendo ukikatwa nusu, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Chukua mota ya volti 12 yenye msukumo wa pauni 55, inayotumia ampea 50 kwenye kasi ya mwisho. Hizo ni wati 600. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100, yenye wati-saa 1,280, itaiendesha kwa saa mbili na dakika chache. Mvuvi huyohuyo akikubali nusu ya mwendo, mota itahitaji takriban wati 75, na kimahesabu betri ileile itadumu kwa saa 17. Upepo na mkondo vitapunguza hesabu hiyo, lakini hata ikipungua kwa theluthi, hakuna mota ya bei yoyote inayoweza kumpa mtu akiba ya kiasi hicho.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo wanunuzi wengi huchanganya. Mota za kaboni za bei ya chini kabisa, zile zenye hatua tano za kwenda mbele na tatu za kurudi nyuma, hupunguza kasi kwa kupitisha umeme kwenye koili za ukinzani. Umeme usiotumika haurudi kwenye betri; unageuka joto. Kwa hiyo kwenye kasi ndogo mota hizo hupoteza umeme mwingi bure, na akiba ile ya sehemu moja ya nane huwa haipatikani yote. Mota za kaboni za daraja la juu kidogo hazifanyi hivyo. Zina kidhibiti kinachowasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa kuurefusha au kuufupisha muda wa kuwaka hubadilisha kasi bila kuchoma kitu. Minn Kota huita chake Digital Maximizer, na inadai kinaweza kuongeza muda wa betri hadi mara tano kulinganisha na mota isiyo nacho. Mara tano ni kwa mazingira bora, kasi ikiwa ndogo. Hata hivyo, mtu anayetoka kwenye mota ya hatua tano kwenda isiyo na kaboni na kushangilia kwamba betri yake sasa inadumu, sehemu kubwa ya furaha yake imetoka kwenye kidhibiti, na kidhibiti hicho angekipata kwenye mota ya kaboni kwa bei ndogo zaidi.

Hesabu ya fedha inafuata njia hiyohiyo. Tuseme mota isiyo na kaboni imezidi ile ya kaboni kwa dola 900, na inaokoa asilimia 20 ya umeme. Kwenye betri ya wati-saa 1,280, asilimia 20 ni wati-saa 256. Kwa dola 900 hizohizo mvuvi anaweza kununua betri mbili zaidi za lithiamu za ampea-saa 100, maana bei zake zimeshuka sana na zipo nyingi za chini ya dola 400. Hapo ameongeza wati-saa 2,560, mara kumi ya zile alizookoa. Kama shida yake ni betri kuisha kabla ya jua kutua, jibu lake liko kwenye betri.

Mwenye betri ya risasi na asidi ana sababu kubwa zaidi ya kuanzia hapo. Betri hiyo ya ampea-saa 100 ina uzito wa karibu kilo 30, na ikishushwa chini ya nusu ya chaji mara kwa mara inakufa mapema. Zaidi ya hapo, ikidaiwa ampea 50 kwa mkupuo hutoa kidogo kuliko kilichoandikwa kwenye ubavu wake. Kwa kasi ya mwisho, mvuvi ana chini ya saa moja ya matumizi salama. Ya lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, ina uzito wa kilo 11 hadi 14, inaweza kutumika karibu yote, na volti yake haiporomoki taratibu mchana kutwa. Kwenye boti ndogo, kupunguza kilo 15 nyuma kwenye tezi kunabadilisha hata jinsi boti inavyokaa majini.

Lakini kuna tahadhari. Volti ya lithiamu iko juu kidogo muda wote, na mota ya kaboni iliyoundwa kwa betri ya risasi huweza kuchemka ikishikiliwa kwenye kasi ya mwisho. Minn Kota hushauri watu wasipite asilimia 85 ya kasi kwa muda mrefu wanapotumia lithiamu. Chaja nayo iwe ya lithiamu. Na kwa wanaoishi Minnesota au Ontario, betri hizi hazichajiwi zikiwa chini ya nyuzi sifuri. Ziingizwe ndani kwanza zipate joto.

Tuchukue boti mbili.

Ya kwanza ni boti ya alumini ya mita 4.3 kwenye Marsh Creek, ziwa lililo ndani ya hifadhi ya jimbo la Pennsylvania, ambako injini za petroli haziruhusiwi na umeme ndio unaotawala. Boti, watu wawili, betri na vifaa vinafika kilo 350. Kanuni inayotumika sana ni pauni mbili za msukumo kwa kila pauni 100 za uzito uliojazwa, yaani kilo moja ya msukumo kwa kila kilo 50. Boti hii inahitaji kilo 7, ambazo ni pauni 15 au 16, na ukiongeza upepo, pauni 40 zinatosha na kubaki. Mota ya kaboni ya pauni 55 yenye kidhibiti, pamoja na betri moja ya lithiamu, itamzungusha mvuvi ziwa zima. Mota ya dola 3,000 kwenye boti hii ingegharimu kuliko boti yenyewe, na nguvu zake nyingi zisingetumika hata siku moja.

Ya pili ni boti ya kioo-nyuzi ya mita sita, yenye injini kubwa ya petroli nyuma, iliyo kwenye ziwa la Mille Lacs, Minnesota. Mille Lacs ina zaidi ya kilomita za mraba 500 na kina chake hakizidi mita 13 au hivi, kwa hiyo upepo ukivuma, mawimbi mafupi na makali huamka haraka. Boti imefika kilo 1,700 na watu wake, na kanuni ileile inadai pauni 75 kabla hata ya kuhesabu upepo. Mvuvi amekuta samaki juu ya mwamba chini ya maji, na hataki kushusha nanga. Anabonyeza kitufe, na mota iliyofungwa kwenye omo inashika nafasi kwa GPS. Upepo ukiisukuma boti mita moja, mota inageuka, inazunguka kwa nguvu, inapoa, inageuka tena. Inafanya hivyo kwa saa sita. Hakuna mkono unaopunguza kasi hapo. Mzigo unaamuliwa na upepo.

Kwenye kazi ya namna hiyo mota isiyo na kaboni inastahili bei yake. Haichemki upesi, haina kaboni za kuliwa na kuwashwa na kuzimwa kusikokoma, na akiba yake ya asilimia kadhaa inazidishwa kwa saa sita za kazi nzito. Kwenye betri tatu zilizounganishwa kufanya volti 36, zenye jumla ya karibu wati-saa 3,800, asilimia 20 ni zaidi ya wati-saa 700. Huyu tayari ana betri za kutosha, na nafasi ya kuongeza nyingine boti haina.

Sababu ya pili inayomhusu ni vifaa vya kutazama samaki. Tangu Garmin ilipotoa LiveScope mwaka 2018, wavuvi wengi hufunga kwenye mti wa mota kifaa cha sona kinachoonyesha samaki mbele ya boti papo hapo. Mota ya kaboni na kidhibiti chake hutoa kelele za umeme ambazo mara nyingine hujitokeza kwenye kioo kama mistari na vidoti vinavyoficha samaki. Mota zisizo na kaboni, hasa zilizoundwa pamoja na sona, hutulia zaidi. Anayesumbuliwa na mistari hiyo ajaribu kwanza kitu cha bei nafuu: sona ipewe betri yake ndogo ya peke yake, na nyaya zake zisifungwe pamoja na nyaya za mota. Mara nyingi hilo linatosha.

Mlinganisho wa bei nao ufanywe kwa haki. Mota ya dola 3,000 haijapanda bei kwa sababu ya kukosa kaboni tu. Ndani ya bei hiyo kuna GPS, rimoti, pedali na nyaya za sona. Kushika nafasi kwa GPS kulikuwepo kwenye mota za kaboni miaka mingi kabla ya 2019, na bado kunauzwa. Msomaji anayetaka kujua kaboni zinamgharimu kiasi gani aweke mota ya Minn Kota Terrova ya kaboni yenye GPS karibu na Terrova Quest, zenye urefu mmoja wa mti, aone tofauti. Ataikuta ndogo kuliko alivyohofia, na wakati mwingine ataona kwamba alichokuwa anakitamani hasa ni ile GPS.

Upande wa uhai wa chombo, mota za kaboni zimesingiziwa. Kaboni zenyewe ni vitu vya bei ndogo, na mota inayotunzwa huenda miaka mingi kabla ya kuzihitaji. Kinachoua mota nyingi, za aina zote mbili, ni mshipi wa nailoni. Unanaswa na propela, unajisokota nyuma yake kwenye mti, unakaza, unakata sili, na maji yanaingia polepole kwenye ganda la chini. Dawa yake ni kufungua nati ya propela kila baada ya safari chache, kuvuta propela na kuitunza ile pini ndogo inayopita kwenye mti isidondoke majini, kisha kukata kila uzi unaoonekana. Kazi nzima inachukua dakika tano. Maji yakishaingia, mota ya kaboni inaweza kufunguliwa, ikakaushwa, ikasafishwa pete yake kwa msasa laini na kupewa kaboni mpya. Kwenye isiyo na kaboni, maji yakifika kwenye bodi, bodi nzima hubadilishwa, na bila dhamana bei yake inauma.

Nyaya zinasahaulika kwenye bajeti. Mota ya ampea 50 inataka waya mnene, walau wa milimita za mraba 13, na mnene zaidi kama betri ziko tezi na mota iko omo. Waya mwembamba hupoteza volti na kupata moto, kisha lawama huangukia mota. Sakiti breka ya ampea 60 iwekwe karibu na betri. Na kabla ya kushusha boti majini, mnunuzi aulize sheria za jimbo lake: kwenye majimbo mengi ya Marekani kayaki iliyofungwa mota ndogo ya umeme huhesabiwa kuwa chombo cha mota, na hutakiwa kusajiliwa.

Kwa aliye Kenya au Tanzania anayefikiria kuagiza, hesabu inabadilika. Samaki aina ya bass anayewindwa na wavuvi wa Marekani yumo Ziwa Naivasha tangu alipoletwa mwishoni mwa miaka ya 1920, na boti ndogo kwenye maji yaliyotulia ni mahali pazuri pa mota ya umeme. Lakini bodi ya kielektroniki ikiungua Naivasha au Mwanza, atalazimika kuisubiri kutoka ng'ambo pamoja na usafiri na ushuru, ilhali mota ya kaboni anaweza kuipeleka kwa fundi wa kusuka mota na stata, na mara nyingi kaboni za kuchonga zikafanya kazi. Kwa baharini, anunue iliyoandikwa kuwa ni ya maji chumvi, yenye kipande cha zinki cha kuliwa na kutu badala ya ganda.

Na ajihadhari na mota za mtandaoni zenye maandishi makubwa na bei ndogo. Kwenye volti 12, mota nzuri hutoa kama pauni moja ya msukumo kwa kila ampea. Tangazo likidai pauni 100 kwa volti 12 na ampea 30, namba hizo haziwezi kukaa pamoja. Muuzaji aombwe aitumbukize kwenye pipa la maji, aifungue hadi mwisho, na ampea zisomwe kwa klampu mita kwenye waya wa betri.